Kitabu ulichopewa zawadi, ni sawa kukiuza? Wapenda vitabu tukutane hapa

RafuYaTatu

Wakuu, heshima kwenu.

Nahama. Natoka Sinza naenda Goba, na nyumba ninayoingia ni ndogo kuliko ninayotoka. Vitabu vimejaa maboksi, vingine viko chini ya kitanda, na mwenye kirikuu ameshanitamkia kwamba maboksi ya vitabu atayachaji kivyake kwa sababu vijana wake wanalalamika mgongo. Nimeamua kupunguza. Wakati natenga vya kuuza, mama watoto akapita, akaokota kimoja, akafungua ukurasa wa kwanza, akakuta maandishi ya aliyenipa. "Na hiki nacho unauza? Si ulipewa zawadi?" Tangu hapo hatujaelewana, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kitabu nikishapewa ni changu. Nikikisoma nikakipenda, nakaa nacho. Nikikisoma mara moja kikanitosha, nauza, na aliyenipa hana dai lolote juu yangu. Ambacho sijakisoma na najua sitakisoma ndicho cha kuuza haraka zaidi, kabla mchwa hawajakianza, maana mahali fulani kuna mtu anakitafuta.

Hoja ya pili. Sisi wa rika langu vitabu vingi tulivyovipenda hatukuvinunua dukani. Riwaya za kipelelezi za akina Musiba na Mtobwa mimi nilizipata kwa wale jamaa wa vitabu chakavu kule Posta, kandokando ya Samora, zimetandazwa juu ya turubai. Zilifikaje pale? Kuna mtu aliuza. Pengine alipewa na mjomba wake siku ya mahafali, akasoma, akaona hela ya nauli ni muhimu zaidi. Kama kila mmoja angeng'ang'ania chake kwa kuheshimu maandishi ya ukurasa wa kwanza, ningesoma nini? Na wachapishaji wetu mnawajua: riwaya isipoingia kwenye orodha ya shule, toleo likiisha ndiyo basi tena.

Halafu tuongee ukweli kuhusu zawadi zenyewe. Nimepitia zangu zote, nyingi ni mahubiri. Nina Kamusi ya Kiswahili Sanifu tatu, mojawapo lile toleo la kwanza la 1981, kwa sababu mtoto akishika namba nzuri shuleni mkuu wa shule hawazi kingine: kaunta buku, kamusi, makofi. Kipaimara, Biblia, hiyo sigusi. Nilipoanza kazi vikaanza kuja vitabu vya namna ya kutajirika, kutoka kwa shemeji, kutoka kwa bosi, kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe ananidai. Mtu akikupa kitabu cha kutunza fedha, amekupa na taarifa ya jinsi anavyokuona. Nilipooa nikapewa cha ndoa, tena kile kile na watu wawili tofauti.

Mtu aliyewahi kunipa riwaya kwa sababu tu ilimnyima usingizi akataka na mimi ininyime, namkumbuka kwa jina na tarehe. Ile siuzi hata niwe nalala juu yake.

Nyinyi mnafanyaje? Mnauza vya zawadi? Mnachana ule ukurasa kwanza? Na ninyi mnaotoa, mkikuta kitabu chenu kinauzwa mnajisikiaje?

Kigodoro

Nimeweka kambi. Hii nyumba ya Goba ina kodi gani mkuu?

BintiPangani

Mimi ni wa upande wa mkeo, na nina sababu.

Binamu yangu alipofanyiwa send-off nilimpa riwaya. Niliihangaikia, nikaandika maneno mbele, nikaifunga kwa kitenge badala ya karatasi. Baadaye nikawa napita Mwenge, macho yakaangukia kwenye jalada ninalolijua. Nikafungua: mwandiko wangu huo hapo. Kitabu hakijafunguliwa hata kidogo, mgongo umenyooka kama siku nilipokinunua. Nikamlipa yule kijana elfu tano bila hata kuomba apunguze, nikaondoka nacho. Kiko kwangu mpaka leo na sijamwambia kitu.

Kwa hiyo RafuYaTatu, haki unayo, sikatai. Lakini piga simu. Sema, "dada, kile kitabu sitakisoma, nikurudishie au nimpe mwingine?" Simu ya dakika moja.

RafuYaTatu

BintiPangani, nikupigie simu kukuambia zawadi yako sikuipenda? Hiyo dakika moja wewe ungeisamehe?

BintiPangani

Hapana 😂 Ila ungepiga.

MtuWaFunguni

Asalaam alaykum jamaani. Dada BintiPangani, kisa chako kimenikumbusha kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, na kimo katika Bukhari na Muslim.

Umar alimpa mtu farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu. Yule mtu asimtunze, farasi akadhoofu, kisha akataka kumuuza. Umar akaona bora amnunue mwenyewe, akijua atampata kwa bei rahisi. Akenda kumuuliza Mtume (s.a.w.). Akaambiwa asimnunue, hata akipewa kwa dirhamu moja, kwani anayerudia sadaka yake ni mfano wa mbwa anayerudia matapishi yake.

Iangalieni vizuri hadithi hiyo. Aliyekatazwa ni Umar, aliyetoa. Haikuja amri ya kumzuia yule muuzaji. Najua ile ilikuwa sadaka na ya dada ni hiba, yaani zawadi, na wanavyuoni wana maneno marefu hapo, lakini anayeuza nafsi yake itulie.

Na hichi kitu huku kwetu mwambao kilishapatiwa dawa zamani. Mtu akitaka kitabu chake kisiuzwe hakitoi zawadi, anakiweka wakfu. Anaandika mbele kwamba ni wakfu, na kikishakuwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi hiba wala hakirithiwi. Masharti hayo matatu asili yake ni Umar huyo huyo, kwenye shamba lake la Khaybar. Msikiti wa Riyadha kule Lamu, wa Habib Swaleh, una hati za mkono nyingi za namna hiyo, na zimeshapigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa maktaba ya taifa ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Unafungua unakuta jina la aliyeweka wakfu, mara nyengine na jina la chuo au watu wanaoruhusiwa kukitumia. Wengine ni akina mama.

Sasa wewe unaandika "kwa ndugu yangu mpendwa, soma uelimike", husemi wakfu, husemi nini. Umeshatoa mkono. Muwachie.

BintiPangani

Kaka wa Funguni, umeniita mbwa kwa adabu kweli kweli.

MtuWaFunguni

Haasha! Wewe hukujua. Na elfu tano ulilipa kamili.

TurubaiLaPosta

Mleta uzi umenitaja bila kunijua. Mimi ndiye wa turubai. Kona gani, sitasema.

Niwaeleze vitabu tunavipata wapi, kwa sababu watu wanadhani vinashuka bandarini vyote. Vingine vinakuja kwenye mabelo pamoja na mitumba mingine, ni kweli, hasa vya Kiingereza. Lakini vizuri, na vya Kiswahili karibu vyote, vinatoka majumbani. Anayehama kama wewe. Mwanafunzi wa Mlimani amemaliza na hataki kurudi na mzigo Songea. Mgeni wa shirika mkataba umeisha, anaacha kabati zima kwa dada wa kazi, dada analeta kwangu. Na zaidi ya wote, misiba. Mzee akifariki, arobaini ikipita, watoto wanakuja na maboksi. Hapo ndipo unakuta vya Tanzania Publishing House vya miaka ya sabini, vimefunikwa kwa gazeti la Uhuru ili jalada lisichafuke. Mzee alivitunza, watoto hawajui hata majina. Mimi natoa bei ya boksi zima, halafu nakaa usiku nachambua.

Kuhusu ukurasa wa kwanza: MSICHANE. Nawaomba. Kitabu kilichochanwa mbele mteja anadhani kimeibiwa maktaba na mhuri umeondolewa. Bei inashuka papo hapo. Chenye mhuri wa maktaba au wa shule mimi sinunui, nimeshapata usumbufu. Ila chenye maandishi ya zawadi watu wanakipenda. Wanasimama pale wanasoma maandishi kabla ya kitabu. Kuna kijana alinunua kitabu cha biolojia asichokihitaji kwa sababu ya barua ya mapenzi iliyoandikwa nyuma ya jalada.

Nini kinatoka? Januari ni shule tu. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, hivyo kwa miaka mingi vimenilipia kodi, mzazi anakuja na orodha hata hasomi jina vizuri. Katikati ya mwaka ni vya kutajirika, na hapo niseme wazi, vingi mnavyoviona barabarani ni kopi. Karatasi nyembamba, wino unabaki kidoleni, kurasa nyingine zimepinda. Mtu anampa bosi wake zawadi akidhani kanunua halisi. Riwaya za zamani za Kiswahili hazikai hata siku. Rosa Mistika ya Kezilahabi wapo wanaoiulizia hadi leo kwa sababu tu walisikia iliwahi kuzuiwa mashuleni.

RafuYaTatu, kama unaleta kwangu: ensaiklopidia hapana. Vitabu vya Windows 98 hapana. Kamusi ndiyo, hata iliyotoka jalada.

Kigodoro

Hiyo barua ya mapenzi ilisemaje?

TurubaiLaPosta

Alikuwa anaomba arudishiwe kitabu.

MwalimuWaVisiwani

Naongea kutoka Ukerewe. Kila mwenye vitabu vilivyomzidi huko mjini huwa anaambiwa "peleka shule ya kijijini". Nakubali, ila nina la kusema kwanza.

Shule yangu imewahi kupokea maboksi ya msaada. Tulifungua na wanafunzi wamezunguka. Mapishi ya maikrowevu. Mwongozo wa kuendesha gari kwenye theluji. Historia ya klabu ya gofu. Tuliandika barua ya shukrani, tukapiga picha na wageni, vitabu vikaingia kabatini ofisini. Na hata vilivyokuwa vizuri viliingia humo humo, kwa sababu kitabu kikipotea anayeulizwa ni mwalimu. Funguo anayo mkuu, mkuu yuko semina Mwanza. Basi mtoto anaviona kupitia kioo.

Ukitaka kutusaidia, leta vichache na uvitoe kwa mtoto mkononi. Mimi nimeanza kufanya hivyo. Simpi wa kwanza darasani, yule ana kamusi zake tayari. Nampa yule anayesoma gazeti lililofungiwa maandazi. Mmoja nilimpa riwaya ya kipelelezi, baada ya muda nikagundua anaikodisha bweni zima, shilingi mia kwa usiku. Jalada limeshonwa kwa uzi wa neti ya kuvulia. Mwenzangu alitaka kumchapa kwa kufanya biashara shuleni, nikamwambia mwache, huyu ndiye mkutubi pekee tuliye naye.

Angalizo jingine: kabla hujaleta vya watoto vya nje, kumbuka Februari 2023 wizara ilitoa orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku shuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwemo. Ukivileta, mimi ndiye nitakayeandika maelezo.

KandoYaNgong

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu hilo swali la kuuza au kutouza lilijibiwa na bei. Tangu sheria ya VAT ya 2013 vitabu vinatozwa asilimia 16, kwa hivyo mzazi wa kawaida kitabu kipya anakiangalia mara mbili. Tunainama Tom Mboya na Moi Avenue kama watu wengine. Mwezi wa kwanza unaona mama ameshika vitabu vya mtoto wake wa mwaka uliopita, anabadilishana na mama mwingine palepale barabarani, wanaongeza kidogo juu, kila mtu anaenda nyumbani.

Halafu mtaala mpya wa shule, CBC, ukaingia. Kabati nzima ya vitabu vya mtaala wa zamani, 8-4-4, tuliyokuwa tumewekea wadogo wetu ikakosa kazi. Sasa njugu unauziwa zimefungwa kwa hesabu ya darasa la saba. Hiyo ndiyo hasara ya kuweka vitabu bila kuviuza mapema, bwana mleta uzi. Uza.

Lakini anayekunja kona ya ukurasa badala ya kuweka alama, huyo hata kitabu kiwe chake, ashtakiwe.

BintiPangani

Na wanaopiga mistari kwa bluu! Penseli inauzwa mia mbili jamani.

Kigodoro

Mimi napiga kwa hailaita ya njano. Nakunja kona pia. Mje mnikamate.

MshonaRiwaya

Naomba nafasi kama mwandishi. Nimechapisha mwenyewe, kwa hela ya mfukoni, naviuza elfu kumi na tano.

Mtu akiuza kitabu changu kwa TurubaiLaPosta, mimi sipati hata senti. Sina kinyongo. Nakala moja imetoka kwa mtu mmoja ikaenda kwa mwingine, na huyo wa pili akinipenda ataulizia kingine. Nilishapata wasomaji kwa njia hiyo. Kinachoniua ni PDF. Kitabu kimepigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, hadi kidole gumba cha mpigaji kinaonekana, halafu kinarushwa kwenye kundi la WhatsApp: "zawadi yenu ya wikiendi wapendwa." Zawadi ya nani? Wewe bado unacho, na mia tano wamekipata. Siku nimeingizwa kwenye kundi moja nikakuta kitabu changu humo, na watu wanamshukuru aliyekirusha, wanamwombea na baraka.

Na marafiki. "Hongera sana kwa kitabu, sasa mimi nakala yangu ya zawadi iko wapi?" Mwenye duka la simenti hakuna anayemwomba mfuko wa zawadi kwa sababu walisoma wote. Nikitoa bure kwa marafiki wote niliosoma nao, toleo limekwisha.

KaskaziniMwaRhine

MshonaRiwaya pole. Ila jibu na hili: kitabu chako mtu wa Kigoma anakipata wapi? Wengi wanaosoma PDF hawajawahi kuona duka la vitabu lenye riwaya. Sitetei, nauliza.

MshonaRiwaya

Natuma kwa basi. Ananitumia hela kwa simu, napeleka parseli stendi Magufuli, kesho yake anapokea. Nauli ya parseli inakula faida, wakati mwingine inaizidi. Lakini natuma.

KaskaziniMwaRhine

Sawa, nimekuelewa. Mimi niko Köln. Huku kitabu kipya kina bei moja nchi nzima kwa sheria, duka haliruhusiwi kupunguza, kwa hiyo hakuna cha kubembeleza. Kilichonishangaza ni makabati ya vitabu barabarani. Kabati la kioo, halina kufuli, unaacha chako unachukua cha mwingine, hakuna mlinzi. Ukikuta chenye maandishi ya zawadi hakuna anayeshtuka. Nimewahi kuokota humo kitabu cha kujifunzia Kiswahili, kimepigwa mistari hadi somo la nne, baada ya hapo kisafi kabisa.

Kuhusu zawadi nina ushuhuda mmoja. Baba mkwe wangu, mtu wa Tanga, hasomi kitu ila magazeti na Msahafu. Nikamletea Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022. Gurnah alikiandika kwa Kiingereza 1994, Nobel akapata 2021, sisi tumekisubiri kwa lugha yetu miaka 28. Mzee alikipokea kwa heshima akakiweka juu ya televisheni, nikajua ndiyo basi. Niliporudi likizo sikukikuta. Kumbe alikisoma chote, akampa jirani, jirani akampa imamu, na sasa wanabishana barazani kuhusu mwisho wake. Kiko kwa nani? Hakuna anayejua. Sikununa hata kidogo, nikamletea nakala nyingine.

MtuWaFunguni

Na hiyo nayo atampa mtu.

KaskaziniMwaRhine

Ameshampa.

RafuYaTatu

Nimesoma michango yote, asanteni. Mama watoto naye amesoma, amekaa na simu yangu tangu jioni, na amecheka kwenye barua ya biolojia.

Tumefika hapa: vya kutajirika vyote vinaondoka, hilo hakulipinga. Vya ndoa anataka vibaki vyote viwili, nimeshindwa kujua kwa nini na nimeogopa kuuliza. Riwaya nilizozisoma nikazimaliza, nusu zinakwenda Ukerewe kwa basi na kivuko, MwalimuWaVisiwani nitafute pembeni unipe jina la huyo kijana anayekodisha, nataka zifike kwake na siyo kabatini. Zilizobaki nauza. Kurasa sichani.

BintiPangani, simu sipigi. Ila aliyenipa akikutana na kitabu chake barabarani akiniuliza, nitamjibu kwamba niliuza, sitamwambia kiliibiwa.

TurubaiLaPosta, orodha: kamusi mbili, ile ya 1981 na moja mpya kidogo. Riwaya za kipelelezi kumi na moja, mbili hazina jalada la nyuma. Mashairi, manne. Vya kutajirika tisa. Windows 98 ninacho kweli, ulijuaje?

TurubaiLaPosta

Kila nyumba kipo.

Riwaya nachukua zote, hata zisizo na jalada. Mashairi lete nione. Vya kutajirika ukiweka kwenye mwanga uniambie kama ukurasa wa nyuma unaonekana, kama unaonekana ni kopi, nitakupa bei ya kopi. Kamusi ya 1981 ina maandishi mbele?

RafuYaTatu

Ina. Jina langu, jina la shule, na "ameshika nafasi ya pili".

TurubaiLaPosta

Nafasi ya pili, elfu nane. Ungekuwa wa kwanza ningekupa kumi. Njoo kabla ya saa nne, jua likiwaka natandaza upande wa pili wa barabara.